Uchunguzi wa Udongo na Maji ya Ardhini Yaliyochafuliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya maofisa mazingira wa halmashauri, mafundi wa visima, wanafunzi wa jiolojia na wamiliki wa viwanja ambao wameambiwa kwamba ardhi yao "inabidi ipimwe" lakini hawakuelezwa upimaji wenyewe hufanyikaje. Mifano mingi imetoka Tanzania na pwani ya Kenya. Hatuzungumzii uchambuzi wa maabara, isipokuwa pale ambapo mahitaji ya maabara yanaamua mtu afanye nini akiwa uwandani.

Kazi ya uwandani inaanza lini hasa?

Inaanza kabla keekee haijagusa ardhi. Mchunguzi hana budi kujua kwanza kiwanja kilitumika kwa shughuli gani miaka kumi, ishirini au hamsini iliyopita, matenki yalifukiwa wapi, maji machafu yalielekezwa upande gani, na kama palikuwa na gereji, karakana ya kupaka rangi, ghala la viuatilifu au shimo la kutupia taka. Ramani za zamani na picha za satelaiti husaidia sana, lakini mlinzi aliyekesha pale kwa miaka kumi na mama anayeuza chakula getini mara nyingi wanajua mambo ambayo hayamo katika faili lolote. Waulizwe kwa heshima, kila mmoja peke yake, na majibu yao yaandikwe siku hiyohiyo.

Shamba la Vikuge, wilayani Kibaha, linaonyesha kwa nini historia ni muhimu. Viuatilifu vilivyoletwa kama msaada katika miaka ya 1980 viliharibikia ghalani, ghala lenyewe likaporomoka, na udongo wa pale ukabaki na DDT kwa viwango vikubwa. DDT haisafiri mbali na maji, kwa kuwa hung'ang'ania chembe za udongo. Kwa hiyo mtu asiyejua ghala lilisimama wapi anaweza kuchimba umbali mfupi tu kutoka pale, akapata matokeo mazuri, na kuandika ripoti ya kuwatuliza watu wasiostahili kutulizwa.

Kwa nini wataalamu husisitiza mchoro wa chanzo, njia na mpokeaji?

Kwa sababu ndio unaomwambia mchimbaji achimbe wapi. Chanzo ni mahali kichafuzi kilipoingilia ardhini, kwa mfano tenki lililotoboka. Njia ni namna kinavyosafiri: kwa maji ya mvua yanayopenya, kwa maji ya ardhini, kwa vumbi, au kwa mvuke unaopanda na kuingia chumbani kupitia nyufa za sakafu. Mpokeaji ni yule anayedhurika, kama vile mtoto anayecheza mchangani, familia inayokunywa maji ya kisima, au mto. Mchoro huu huchorwa kwa penseli siku ya kwanza na hurekebishwa kila shimo linapochimbwa. Mradi ambao mchoro wake wa mwisho unafanana kabisa na ule wa kwanza unatia shaka, maana ni nadra ardhi kukubaliana na mtu kiasi hicho.

Tuchukue sampuli ngapi, na wapi?

Zipo njia mbili kuu, na kwa kawaida huchanganywa. Ya kwanza ni kulenga: unachimba pale historia inapokuelekeza, yaani kando ya tenki, chini ya bomba la kujazia, au penye doa jeusi. Ya pili ni kugawa kiwanja kwa miraba na kuchukua sampuli katika kila makutano ya mistari, hasa pale ambapo hakuna anayejua uchafu ulimwagwa wapi.

Wengi hukosea katika upana wa miraba. Tuseme unatafuta doa la duara lenye kipenyo cha mita 10. Ukipanga mistari kila baada ya mita 20, uwezekano wa angalau shimo moja kuliangukia doa hilo ni chini ya asilimia 20. Ukitaka uhakika wa takriban asilimia 95, mistari haina budi kuachana kwa mita 8.5 hivi, na katika kiwanja cha mita 50 kwa 50 hayo ni mashimo kama 36. Mteja akisikia idadi hiyo hushtuka na kuomba mashimo sita. Anaweza kupewa sita, mradi ripoti iseme wazi kwamba mashimo sita yanaweza kulikosa doa la ukubwa gani. Sentensi hiyo moja mara nyingi huachwa, na kuiacha si uaminifu.

Kwa vichafuzi visivyopotea hewani, kama madini ya risasi, inafaa pia kuchukua vijisampuli vingi vidogo, tuseme 30, kutoka eneo moja na kuvichanganya kuwa sampuli moja inayowakilisha wastani wa eneo hilo. Njia hii haifai kabisa kwa petroli na viyeyusho, kwa sababu kuchanganya udongo huo ndiko kuufukuzia mvuke wake.

Tuchimbe kina gani?

Inategemea kichafuzi na namna kilivyofika. Madini ya risasi yaliyotua kama vumbi na moshi hubaki katika sentimita chache za juu, na hapo ndipo mikono ya watoto inapofika. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi hadi mwaka 2014, hatari kwa wakazi ilitoka kwa moshi, vumbi na maji machafu yaliyopita kati ya nyumba. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi hao fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo mwaka 2024. Katika eneo la aina hiyo, mtu anayechanganya udongo wa juu na wa chini hadi nusu mita ameushusha mwenyewe wastani wa risasi kwa kuuongezea udongo safi. Tabaka la sentimita 0 hadi 5 lichukuliwe peke yake.

Tenki la petroli lililofukiwa kwa kina cha mita tatu ni jambo jingine. Hapo udongo wa juu unaweza kuwa safi kabisa huku uchafu ukiwa chini ya sakafu ya tenki, na uchimbaji haupaswi kukoma kabla ya kufika kwenye uso wa maji au kwenye udongo ambao vipimo vya papo hapo vinaonyesha kuwa hauna mvuke.

Vifaa gani vya kuchimbia vinafaa?

Keekee ya mkono inatosha kwa kazi nyingi zaidi ya watu wanavyodhani. Katika udongo laini watu wawili wanaweza kufika mita tatu hadi tano, bila mafuta na bila kelele, na kila unapoivuta unauona udongo kama ulivyo. Inashindwa kwenye changarawe, kwenye mawe ya matumbawe, na kwenye mchanga ulio chini ya maji, kwa kuwa shimo hujifukia. Mashimo mapana yanayochimbwa kwa kijiko cha mashine yana faida ya kuonyesha matabaka yote kwa pamoja, pamoja na vitu vilivyofukiwa, kama vile mapipa, majivu na vipande vya betri.

Mashine kubwa za visima zinahitaji tahadhari. Makampuni mengi ya uchimbaji katika ukanda huu yamezoea visima vya maji ya kunywa, na mafundi wake hutumia tope, povu na hewa ya kompresa bila kufikiri mara mbili. Katika kazi ya uchafuzi, tope huziba matundu na kubadilisha kemia ya maji, na hewa ya kompresa hubeba chembechembe za mafuta ya mashine, ambazo baadaye zitasomeka maabara kana kwamba zimetoka kwenye tenki la mteja. Masharti haya yaandikwe katika mkataba, maana kumweleza fundi asubuhi ya kazi, mashine ikiwa tayari inanguruma, ni kuchelewa.

Kosa baya kuliko yote ni kutoboa tabaka la mfinyanzi linalotenganisha maji machafu ya juu na maji safi ya chini. Shimo likiachwa wazi, hata kwa usiku mmoja, mchunguzi amekuwa yeye ndiye njia ya uchafuzi. Ikiwa ni lazima kupita, bomba la nje lipachikwe ndani ya mfinyanzi na kuzibwa kwa saruji kwanza, kisha uchimbaji uendelee ndani yake kwa keekee nyembamba zaidi.

Je, harufu na rangi ya udongo vinatosha kutambua uchafuzi?

Vinasaidia, lakini havitoshi. Risasi, aseniki na nitrati havina harufu. Tena si busara kumwomba mtu anuse udongo kwa makusudi, kwa sababu benzini iliyomo ndani ya petroli husababisha saratani ya damu.

Kwa mvuke wa mafuta, kifaa cha kawaida ni kipima mvuke cha mkononi chenye taa ya miali ya urujuanimno. Udongo hujazwa hadi nusu ya mfuko wa plastiki unaofungika, huachwa dakika kumi, kisha ncha ya kifaa hupenyezwa ndani na namba ya juu kabisa husomwa. Kifaa hiki hukielekeza kisu cha mchunguzi kwenye kipande cha udongo kinachostahili kwenda maabara. Hakisemi ni kemikali gani, huiona dizeli kwa udhaifu kuliko petroli, na katika joto na unyevu wa pwani taa yake huingia ukungu na kutoa namba za uongo. Kisawazishwe kwa gesi yake kila asubuhi, na tena mchana ikiwa kumenyesha.

Kwa madini mazito kipo kifaa cha eksirei cha mkononi, ambacho hutoa kiasi cha risasi katika muda wa dakika moja hivi. Udongo uliokauka na kuchekechwa husomeka vizuri, ilhali udongo mbichi wenye unyevu unaozidi asilimia 20 hivi husomeka chini ya ukweli. Baadhi ya sampuli zipelekwe maabara kila mara ili kulinganisha.

Kisima cha jirani kipo. Kwa nini tusichote maji humo badala ya kuchimba visima vipya?

Mchote, lakini msikitegemee peke yake. Maji ya kisima cha jirani yanajibu swali la mtu anayekunywa humo: je, anakunywa nini leo? Swali hilo ni la haraka kuliko mengine yote na lijibiwe kwanza. Hata hivyo, kisima cha kawaida hakiwezi kueleza uchafuzi umetoka wapi. Mara nyingi hakuna anayejua mabomba yake yana matundu kuanzia kina gani, maji ya matabaka mawili au matatu huchanganyika humo, na kisima kilicho wazi hupokea pia ndoo chafu, kamba na maji ya mvua yanayotiririka kutoka uwanjani.

Kisima cha ufuatiliaji hujengwa kwa kusudi hilo tu. Bomba la plastiki, ambalo mara nyingi lina kipenyo cha milimita 50, hushushwa likiwa na kipande chenye matundu membamba katika kina kinachochunguzwa. Pembeni ya matundu hujazwa mchanga safi wa kuchuja hadi juu kidogo ya matundu hayo, juu yake huwekwa bentonaiti, ambayo ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuziba pengo, kisha saruji hadi juu, na mwisho kifuniko chenye kufuli. Viungo vya bomba hufungwa kwa hesi na kamwe visigundishwe, kwa sababu gundi ya mabomba ina viyeyusho ambavyo maabara itavigundua.

Panaposhukiwa petroli au dizeli, matundu hayana budi kuvuka uso wa maji, na urefu wake uhesabu kupanda na kushuka kwa maji kati ya masika na kiangazi. Mafuta hayo ni mepesi na huelea, na iwapo matundu yote yamezama, mafuta yataelea nje ya bomba huku mpimaji akichota maji yanayoonekana safi. Viyeyusho vya kusafishia mashine na nguo, ambavyo ni vizito kuliko maji, hufanya kinyume: hushuka hadi kwenye tabaka lisilopitisha na kutambaa juu yake, wakati mwingine kuelekea upande ambao maji hayaendi.

Baada ya kujengwa, maji ya kisima husukumwa juu na chini na kupampiwa hadi yatoke maangavu, kisha hupumzishwa kwa siku kadhaa kabla ya kuchukua sampuli.

Tutajuaje maji ya ardhini yanaelekea wapi, na kwa kasi gani?

Vinahitajika visima visivyopungua vitatu, visivyokaa katika mstari mmoja. Kina cha maji hupimwa kutoka kwenye alama iliyowekwa juu ya kila bomba, na alama hizo zote hupimwa na mpima ardhi kwa usahihi wa milimita kadhaa. Kifaa cha mahali cha simu (GPS) hakifai kwa kazi hii, kwa sababu makosa yake ya kimo ni ya mita, wakati tofauti tunayoitafuta huenda ni sentimita kumi. Visima vyote vipimwe ndani ya saa moja au mbili, na vilivyo karibu na bahari viandikiwe pia hali ya kujaa na kupwa, kwa kuwa maji ya ardhini ya ufukweni huitika bahari.

Kasi hukadiriwa kwa kanuni aliyoichapisha mhandisi Mfaransa Henry Darcy mwaka 1856. Chukua mchanga wenye uwezo wa kupitisha maji wa mita 10 kwa siku, mteremko wa uso wa maji wa mita 5 katika kila mita 1,000, na nafasi wazi baina ya chembe asilimia 25. Zidisha 10 kwa 0.005, gawanya kwa 0.25, na jibu ni mita 0.2 kwa siku, yaani kama mita 73 kwa mwaka. Nitrati itasafiri karibu kwa kasi hiyo. Benzini itachelewa kiasi na sehemu yake italiwa na bakteria, na risasi itasogea kidogo mno.

Hesabu hii isitumike kwa kujiamini Unguja, Mombasa au mahali popote penye mawe ya matumbawe yenye mapango. Huko maji hupita katika mifereji ya asili, yanaweza kusafiri kwa siku umbali ambao mchangani yangeusafiri kwa miezi, na kisima kilicho mita tano kando ya mfereji kinaweza kisionyeshe chochote.

Sampuli ya maji inachukuliwaje kwa usahihi?

Maji yaliyotuama ndani ya bomba si maji ya ardhini tena, kwa kuwa yamekutana na hewa, yamepoteza mvuke na kubadilika joto. Kwa hiyo huondolewa kwanza. Desturi ya zamani ni kutoa ujazo wa kisima mara tatu hadi tano. Bomba la milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita, hivyo kisima chenye maji ya kimo cha mita 5 kina lita 10 hivi, na zitatolewa lita 30 au zaidi kabla ya chupa ya kwanza kujazwa.

Njia bora zaidi ni kupampu polepole, kati ya nusu lita na moja ya kumi ya lita kwa dakika, mdomo wa mpira ukiwa katikati ya matundu, huku ukihakikisha kwamba maji kisimani hayashuki sana. Kila baada ya dakika tatu hadi tano husomwa vipimo vya pH, upitishaji wa umeme, oksijeni na utusitusi, yaani kiasi cha tope majini. Sampuli huchukuliwa pH inapobadilika kwa si zaidi ya 0.1 na upitishaji wa umeme kwa si zaidi ya asilimia 3 katika masomo matatu mfululizo. Kazi hii huchosha. Nimewahi kukaa kando ya kisima kimoja zaidi ya saa moja nikitazama namba zikigoma kutulia, na kijana aliyekuwa akinisaidia akaniuliza kwa upole kama tusingeweza kuandika tu kwamba zimetulia. Jibu ni kwamba hatuwezi.

Kopo refu la kuzamishwa kwa kamba ni la bei nafuu na bado linatumika, lakini hutibua tope, na chembe za tope hubeba madini. Maabara ikilisoma tope hilo pamoja na maji, risasi itaonekana nyingi kuliko iliyomo ndani ya maji yenyewe.

Anzeni na kisima kinachodhaniwa kuwa safi na mmalizie kile kichafu zaidi, mkisafisha pampu kila baada ya kisima.

Chupa gani, na zihifadhiwe vipi?

Kwa petroli na viyeyusho hutumika vichupa vya kioo vya mililita 40 vyenye tindikali ya haidrokloriki, ambavyo hujazwa hadi maji yatune mdomoni, hufungwa, kisha hupinduliwa na kugongwa kidoleni. Kikionekana kipovu cha hewa, kichupa hicho hutupwa na kingine hujazwa. Vikiwa na tindikali na ubaridi, maabara ina siku 14. Kwa madini yaliyoyeyuka, maji huchujwa palepale uwandani kwa kichujio cha mikroni 0.45, kisha huongezwa tindikali ya nitriki. Nitrati haipewi tindikali hiyo, kwa sababu tindikali yenyewe ina nitrati, na ipimwe ndani ya saa 48. Sampuli za bakteria zifike maabara siku hiyohiyo.

Sianidi ina sharti lake: hutiwa magadi makali (sodiamu haidroksaidi) hadi pH ipite 12. Kamwe isitiwe tindikali, kwa sababu itageuka gesi ya kuua.

Barafu iwe ya kutosha deli zima hadi mwisho wa safari. Ikiwa maabara iko Dar es Salaam na kiwanja kiko Chunya, mkoani Mbeya, basi mpango wa barafu njiani ni sehemu ya mbinu za uchunguzi, sawa na keekee.

Kuna haja gani ya sampuli tupu na sampuli pacha ilhali bajeti ni ndogo?

Sampuli pacha, moja kwa kila kumi au ishirini, huonyesha matokeo hutofautiana kiasi gani hata pale ambapo kila kitu kimefanywa kwa namna moja. Sampuli tupu ni maji safi ya maabara yanayosafirishwa pamoja na nyingine au kupitishwa kwenye pampu iliyooshwa, na yakirudi na benzini, basi benzini hiyo imetoka kwenu: pengine ni jenereta lililokuwa likinguruma upande upepo unakotoka, pengine ni dumu la petroli lililobebwa katika gari moja na deli. Pamoja nazo iambatane hati ya makabidhiano, yenye saini ya kila aliyezishika sampuli. Shauri likifika mahakamani, hati hiyo ndiyo inayoulizwa mwanzo.

Vipimo vya umeme wa ardhi vinaweza kuchukua nafasi ya mashimo?

Hapana. Vinaweza kuonyesha maji ya chumvi, maji yanayovuja kutoka dampo, au tenki la chuma lililosahaulika, na hivyo kupunguza mashimo ya kubahatisha. Lakini tope la mfinyanzi na maji ya chumvi vyaweza kuonekana sawa kwenye picha yake, na ni shimo tu linaloamua.

Maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu yanachunguzwaje?

Hapa zipo sehemu nne za kuangalia, na kila moja ina tabia yake: mialo na mabwawa ya kukamatia dhahabu kwa zebaki, mahali inapochomwa, malundo ya marudio (mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa), na mitambo ambako marudio huchenjuliwa tena kwa sianidi. Zebaki inayochomwa hupaa na kutua jirani, kwa hiyo udongo wa juu kabisa kuzunguka sehemu ya kuchomea, pamoja na vumbi la paa, ndio wa kuchukuliwa. Zebaki iliyo katika marudio hukaa kama vitone vidogo mno vilivyotawanyika bila mpangilio. Konzi moja ya udongo inaweza kuwa na kitone na nyingine isiwe nacho, na matokeo yakatofautiana mara kumi kati ya sehemu mbili zilizoachana hatua moja. Ndiyo maana vijisampuli vingi vilivyochanganywa ni vya lazima. Udongo huo usikaushwe kwa moto, kwani zebaki itapaa kabla ya kupimwa.

Lipo pia suala la watu. Mchunguzi anayeingia kwenye mialo na buti jeupe na kamera huonekana kama mtu wa kufunga machimbo, na atapata majibu ya kumwondoa. Mweleze mwenyekiti wa wachimbaji unachotafuta na namna matokeo yatakavyorudi kwao. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zenye uchimbaji huu kwa wingi ziandae mpango wa kupunguza zebaki. Haukupi wewe polisi wa kumfukuza mtu.

Matokeo yamerudi. Tuyalinganishe na nini?

Kwanza na udongo au maji ya jirani ambayo uchafuzi unaoshukiwa haujayagusa. Maji mengi ya Arusha na miteremko ya Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani, na hakuna kiwanda kilichoyatia. Vilevile chumvi katika kisima cha Dar es Salaam huenda ni bahari inayovutwa na pampu nyingi, na si dampo. Kisima kimoja juu ya mkondo, kabla maji hayajafika kwenye chanzo, huokoa mabishano mengi.

Kisha linganisha na viwango vya nchi. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linatoa mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi, kwa aseniki na kwa benzini, na miligramu 50 kwa lita kwa nitrati. Kwa udongo, viwango hutegemea matumizi ya ardhi na hubadilika kadiri elimu inavyokua: Marekani ilitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa makazi kwa miaka mingi, na mwaka 2024 ikashusha kiwango cha kuanzia uchunguzi hadi 200. Usitoe hukumu kwa msimu mmoja. Kisima kilichopimwa mwishoni mwa kiangazi kipimwe tena baada ya masika.

Tahadhari gani za usalama ni za lazima?

Mtu asiingie kwenye shimo lenye kina kinachopita mita 1.2 ambalo kuta zake hazijazuiwa, na asishuke kisimani au kwenye chemba kwa sababu yoyote ya kuchukua sampuli. Gesi ya humo huangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa mara nyingi huwa wa pili kufa. Nyaya na mabomba yatafutwe kabla, na nusu mita ya kwanza ichimbwe kwa mkono. Glavu zibadilishwe kila sampuli, kwa faida ya mpimaji na ya sampuli pia. Kwenye kituo cha mafuta, simu, sigara na jenereta vikae mbali.

Ruhusa inatoka wapi?

Tanzania, masuala ya mazingira yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na uchimbaji wa visima huhusisha bodi ya maji ya bonde husika chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kenya, ni Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Serikali ya mtaa au ya kijiji iarifiwe vilevile kabla mashine haijaonekana barabarani.

Mashimo yanafanywaje baada ya kazi?

Shimo ambalo halikugeuzwa kisima hujazwa siku ileile kwa bentonaiti au saruji kuanzia chini kwenda juu, kwa bomba linaloshushwa hadi kitako. Kumwaga kutoka juu huacha mapengo. Kurudisha udongo ule uliotolewa hakukubaliki, kwa kuwa unaweza kuwa mchafu na hauzibi. Udongo na maji yaliyotolewa hukusanywa kwenye mapipa yenye lebo hadi matokeo yatoke, na mapipa hayo yafungwe kwa namna ambayo hayatageuka kuwa mapipa ya maji ya mtu, kwa sababu pipa zuri halidumu kiwanjani. Visima vya ufuatiliaji ambavyo havihitajiki tena huzibwa kwa njia hiyohiyo, na mahali vilipo huandikwa kwenye ramani inayobaki kwa mwenye kiwanja na kwa bodi ya bonde.